Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu

Mwaka 1846, Mwingereza Anna Thynne alitoa matumbawe hai pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Bahari ikawa mbali, na maji ya kubadilisha hayapatikani kwa urahisi, basi mtumishi wake akapewa kazi ya kuyamimina yale yale kutoka chombo hadi chombo, mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Matumbawe yakaishi. Leo pampu ndogo hufanya kazi ya mtumishi yule, lakini tatizo halijabadilika: maji ni machache. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mtu anayetaka matumbawe sebuleni anamtengenezea chungu bahari.

Samaki akifia baharini, maji hayana habari. Akifia nyuma ya jiwe katika tangi la lita 40, kesho yake wenzake wanahema juujuu. Kwa hiyo anayeanza asikimbilie tangi dogo kwa kuwa ni rahisi kununua. Lita 150 hadi 200 humpa nafasi ya kukosea na kurekebisha. Ila meza iwe imara: lita 200 za maji ya bahari zina uzito unaozidi kilo 200, kabla hujaweka mawe.

Maji yenyewe huchanganywa kwa chumvi maalumu ya akwaria, si ya jikoni, mpaka yafike takribani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Ya bomba yasichujwe kijuujuu: klorini hudhuru, na shaba hata kidogo huua kamba na konokono. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hushawishika kuchota ndoo ufukweni. Akumbuke kwamba maji ya karibu na bandari hubeba mafuta, na wakati wa masika mito huyajaza tope na kuyapunguza chumvi.

Baada ya maji huja mawe yenye vitundu, na baada ya mawe huja kungoja. Uchafu wa samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Bakteria hao hukaa kwenye vitundu vya mawe na huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Tia chembe chache za chakula cha samaki, pima, ngoja. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, ingiza samaki mmoja au wawili, si kumi. Utando wa kahawia utakaotanda juu ya mchanga siku hizo usikutishe; mara nyingi huondoka wenyewe.

Pwani yetu hatuhangaiki na baridi, tunahangaika na joto. Matumbawe mengi hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Yakizidiwa na joto hupoteza miani midogo inayoishi ndani ya nyama yake, ile inayoyapikia chakula kwa mwanga wa taa, nayo hubaki meupe kama chokaa. Feni ikipuliza juu ya maji huyapoza, lakini huongeza mvuke, na chumvi haiondoki na mvuke. Tangi la lita 100 likipoteza lita tatu, chumvi hupanda kutoka 35 hadi 36. Kinachopungua hivyo hujazwa kwa maji baridi safi, kamwe si ya chumvi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri huokoa usiku mzima.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu ya majini, takribani miligramu 400 hadi 450 kwa lita, kwa hiyo ipime kila wiki. Anza na yale laini, yanayovumilia makosa. Usiyang'oe baharini: hifadhi za bahari zinakataza, na matumbawe magumu hayavuki mipaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tafuta vipande vilivyooteshwa matangini na wafugaji wengine; vimekwisha kuzoea maisha ya kifuu.

Kisha chagua siku moja ya wiki. Toa asilimia 10 ya maji, rudisha mapya yenye chumvi na joto lile lile, futa kioo, pima, andika daftarini. Baharini kazi hiyo hufanywa na bamvua, mara mbili kwa mwezi, bila kuombwa. Sebuleni hakuna mwezi unaovuta maji. Kuna ndoo yako tu.