Fahamu: Kaburi la wafugaji lenye miaka 5,000

Olorgesailie, Kajiado, nchini Kenya, mashoka ya mawe yangali pale pale yalipopatikana. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba huko miaka ya 1940. Ila anayetafuta kaburi la kale la mawe hana budi kushika njia ya Turkana.

Huko Lothagam Kaskazini, yapata miaka 5,000 iliyopita, wafugaji walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 na kusimamisha nguzo. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria waliozikwa humo kuwa si chini ya 580: wanaume, wanawake, hata watoto wachanga, karibu wote na mapambo yao. Dalili za mtemi na mtwana hazikuonekana. Nani basi alitoa amri? Labda hakuna.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inavifanya vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya Serikali. Kuvichimba kunahitaji leseni.