Dhana ya Uchakavu katika Uhasibu Wakati Sarafu Inapoporomoka: Mfano wa Juba, Sudan Kusini

Ikisiri

Makala hii inafafanua maana ya uchakavu katika uhasibu na kuitofautisha na kushuka kwa thamani ya sarafu, dhana mbili zinazochanganywa mara kwa mara katika mazungumzo ya biashara. Kwa kuangalia hali ya Juba baada ya Desemba 2015, makala inaonesha kwamba sarafu inapoporomoka, uchakavu unaokokotolewa kwa bei ya zamani huifanya biashara ionekane ina faida ilhali inakula mtaji wake. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu istilahi na kuhusu utunzaji wa hesabu.

1. Utangulizi

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huhimiza kuweka kumbukumbu. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo daftari lipo, limejazwa kwa uaminifu, na mali bado inapotea bila habari. Hayo hutokea pale kipimo kinachotumika daftarini, yaani sarafu, kinapopoteza uthabiti wake.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikaanza kutumia pauni yake mwezi huohuo, na mwaka 2016 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Juba huingia kwa barabara ya Nimule kutoka Uganda, na Kiswahili husikika masokoni sambamba na Kiarabu cha Juba. Mhasibu wa Juba aweza kuwa amesomea Khartoum kwa Kiarabu, au Kampala na Nairobi kwa Kiingereza. Wanapokutana mezani kujadili hesabu za biashara moja, suala la istilahi huwa ni suala la fedha.

2. Maana ya uchakavu

Uchakavu ni utaratibu wa kuigawa gharama ya mali ya kudumu katika miaka ambayo mali hiyo inatarajiwa kutumika. Anayenunua lori halimalizi katika mwaka mmoja, hivyo si haki kuutwika mwaka wa ununuzi gharama yote. Kila mwaka unaofaidi huduma ya lori hubeba sehemu yake.

Ili kukokotoa uchakavu, mhasibu huhitaji mambo matatu: gharama ya mali, muda wa matumizi unaokadiriwa, na thamani ya mabaki, yaani kiasi kinachotarajiwa kupatikana mali itakapouzwa mwishoni. Katika njia ya kiwango sawa, gharama hupunguzwa thamani ya mabaki, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa idadi ya miaka. Katika njia ya salio pungufu, asilimia maalumu hukatwa kutoka katika salio lililobaki, hivyo miaka ya mwanzo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Njia ya tatu hufuata kiasi cha kazi iliyofanywa, kama vile kilomita au saa. Ardhi kwa kawaida haichakazwi, kwa kuwa muda wa matumizi yake hauna ukomo unaojulikana.

Mambo mawili hueleweka vibaya. La kwanza ni kudhani kwamba uchakavu ni kipimo cha bei ya mali sokoni. Thamani iliyobaki vitabuni ni sehemu tu ya gharama ambayo bado haijagawanywa, na yaweza kuwa mbali sana na bei ambayo mnunuzi angelipa leo. La pili ni kudhani kwamba uchakavu ni akiba iliyotengwa. Kuandika uchakavu hakuweki hata pauni moja sandukuni. Kinachofanyika ni kupunguza faida inayotangazwa, na hivyo kumzuia mwenye biashara asigawe kama faida kile ambacho ni mtaji wake.

3. Mnyumbuliko wa maneno na mipaka ya dhana

Kiingereza hutumia neno moja kwa uchakavu wa mali na kwa kushuka kwa thamani ya sarafu. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huo. Tunalo neno uchakavu kwa mali, na kushuka kwa thamani kwa sarafu. Aidha, mnyumbuliko wa kitenzi unatupa tofauti ya ziada: sarafu hushuka yenyewe kwa nguvu za soko, lakini hushushwa pale mamlaka inapoamua. Tofauti kati ya kushuka na kushushwa inabebwa na viambishi vichache tu, na inatosha.

Hata hivyo, neno uchakavu lina upungufu wake. Kwa msikilizaji wa kawaida, kilichochakaa ni nguo iliyopauka au bati lililotoboka, yaani kitu ambacho jicho linaona kimeharibika. Katika uhasibu, mali huweza kuchakaa bila kuguswa. Chukua mfano wa jenereta. Kwa miaka mingi biashara za Juba zilitegemea jenereta. Mwishoni mwa mwaka 2019, kituo kipya cha umeme, pamoja na mtandao wa usambazaji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, vilianza kuwafikishia umeme baadhi ya wakazi wa mji. Jenereta iliyobaki imezimwa uani haikulika, lakini manufaa yaliyotarajiwa kutoka kwake yalipungua. Kupitwa na wakati nako ni sehemu ya uchakavu.

Wahasibu waliosoma kwa Kiarabu hutumia maneno yenye mzizi uleule uliotupa hiliki, yaani kuangamia. Mojawapo, istihlaki, humaanisha pia matumizi yanayomaliza kitu. Wazo hilo la kutumika hadi kuisha linaikaribia dhana ya kihasibu kuliko picha ya kitu kilichochanika. Kwa hiyo neno uchakavu libaki, lakini lifundishwe kwa maana ya gharama inayotumika kidogo kidogo.

4. Sarafu inapoporomoka

Katikati ya Desemba 2015, Benki Kuu ya Sudan Kusini iliacha kiwango maalumu cha takriban pauni 3 kwa dola moja ya Marekani. Kiwango rasmi kikaruka mara moja hadi takriban pauni 18. Pauni iliendelea kushuka, na kufikia Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulizidi asilimia 800.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara alinunua boza la kuuzia maji mwanzoni mwa mwaka 2015 kwa dola 20,000, sawa na pauni 60,000 kwa kiwango rasmi. Muda wa matumizi ni miaka mitano na thamani ya mabaki ni sifuri. Kwa njia ya kiwango sawa, uchakavu ni pauni 12,000 kila mwaka.

Mwaka 2016 bei ya maji imepanda pamoja na bei nyingine. Mapato ni pauni 500,000, na gharama za mafuta, mishahara na matengenezo ni pauni 380,000. Ukitoa uchakavu wa pauni 12,000, daftari linaonesha faida ya pauni 108,000.

Sasa tuulize boza kama hilo litagharimu kiasi gani. Kwa kiwango cha pauni 18 pekee, bila kuhesabu anguko lililofuata, dola 20,000 ni pauni 360,000. Sehemu ya mwaka mmoja ni pauni 72,000. Tukitoa kiasi hicho, faida ni pauni 48,000. Zile pauni 60,000 zinazozidi si faida, ni vipande vya boza. Mwenye biashara akizitumia nyumbani, au kodi ya mapato ikitozwa juu yake, mtaji umeliwa. Baada ya miaka mitano, jumla ya uchakavu ulioandikwa itakuwa pauni 60,000, kiasi kinachotosha kununua moja ya sita tu ya boza jipya. Hakuna aliyeiba, na hesabu zote zimejumlishwa sawasawa.

5. Viwango vinasemaje

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 29, kilichotolewa mwaka 1989, kilitungwa kwa ajili ya uchumi wenye mfumuko wa bei uliokithiri. Mojawapo ya ishara zake ni mfumuko wa jumla wa miaka mitatu unaokaribia au kuzidi asilimia 100. Benki za Kenya zenye matawi au kampuni tanzu Juba, zikiwamo KCB na Co-operative Bank, zimelazimika kukitumia kwa shughuli zao za Sudan Kusini.

Kiwango hicho huagiza gharama ya mali ya kudumu irekebishwe kwa fahirisi ya bei za jumla, kisha uchakavu ukokotolewe juu ya gharama iliyorekebishwa. Fahirisi ikipanda mara sita, pauni 60,000 huandikwa 360,000, na uchakavu huwa 72,000. Fedha taslimu na madeni ya pauni hayarekebishwi, kwa kuwa tayari yako katika pauni za leo. Aliyeshika fedha taslimu hupata hasara, na aliyekopa kwa pauni hunufaika. Ikumbukwe kuwa fahirisi hupima bei kwa ujumla, si bei ya boza. Inakaribia ukweli bila kuufikia kikamilifu.

Mfanyabiashara mdogo asiye na mkaguzi hahitaji kiwango chote hicho. Anahitaji safu moja ya ziada daftarini: leo mali hii inanunuliwa kwa kiasi gani? Sehemu ya mwaka ya jibu hilo ndiyo isiyopaswa kuguswa. Na kwa kuwa fedha taslimu nayo huyeyuka, ni busara kuigeuza mapema kuwa matairi, vipuri au fedha thabiti zaidi.

6. Hitimisho

Uchakavu ni mgao wa gharama ambao lengo lake ni kulinda mtaji. Sarafu ikitulia, bei ya zamani huweza kutimiza lengo hilo kwa kiasi kikubwa. Sarafu ikiporomoka, bei hiyo hulisaliti. Inapendekezwa kwamba vitabu vya biashara vitakavyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Sudan Kusini na nchi jirani vitumie uchakavu kwa mali pekee, kushuka na kushushwa kwa thamani kwa sarafu pekee, na vitoe mifano ambamo yote mawili hutokea kwa pamoja. Mwanafunzi wa Juba atakutana nayo kwa pamoja siku yake ya kwanza kazini.