Majibu ya kubahatisha humpotosha daktari

Je, umewahi kupewa karatasi yenye maswali chungu nzima kuhusu tabia na hisia zako, ukaanza kutia alama ovyo ili umalize haraka? Huenda ukadhani hakuna atakayejua. Hata hivyo, wataalamu wa saikolojia wana njia za kukutambua.

Chukua kipimo kiitwacho MMPI-2, kilichotolewa Marekani mwaka wa 1989. Kilitokana na kile cha Starke Hathaway na J. C. McKinley wa Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichochapishwa mwaka wa 1943. Kina sentensi 567, na kila moja hujibiwa "kweli" au "si kweli".

Kati ya hizo, kuna sentensi 60 ambazo watu wengi hujibu kwa namna moja. Mtu mwenye afya hutofautiana na wengi katika chache tu. Anayebahatisha ni kama anayerusha sarafu: atatofautiana nao katika sentensi 30 hivi.

Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa wa akili aliyelemewa pia huweza kutofautiana na wengi mara nyingi. Daktari atajuaje nani mgonjwa na nani alibahatisha?

Dawa yake ni sentensi zinazokwenda wawili wawili, zilizotawanywa mbalimbali. Kwa mfano, mahali pamoja waulizwa kama hulala vizuri. Kwingine, kama hukosa usingizi kila siku. Ukisema "kweli" kwa zote mbili, umejipinga. Kujipinga mara chache si neno. Kukizidi mno, matokeo yote hayafai kutegemewa.

Lakini majibu yakipatana, nazo alama zingali juu, daktari hapaswi kuyatupa. Huenda mtu huyo anaumwa kweli, au anatia chumvi. Itambidi azungumze naye na kumchunguza zaidi.

Usifikiri kila anayebahatisha ni mkaidi. Wengine wamechoka, hawasomi vyema, hawaielewi lugha iliyotumika, au wameruka mstari kwenye karatasi ya majibu.

Kwa hivyo, ukipewa kipimo kama hiki, fanya haya:

• Soma kila sentensi kabla ya kujibu.
• Usipoelewa neno au lugha, sema mapema. Si aibu.
• Ukichoka, omba kupumzika.
• Hakikisha nambari ya jibu yalingana na ya swali.

Kumbuka, daktari hutibu kwa kufuata unayomwambia. Majibu ya ovyo yaweza kumpa mzima jina la mgonjwa, na kumnyima mgonjwa matibabu yake.