Runinga yenye tundu moja yaweza kuhudumia mashine tatu

KUZIMWA kwa matangazo ya analogi nchini Kenya mwaka 2015 kuliwaletea wenye runinga za zamani, zile zenye kichogo, tatizo jipya. Nyingi zina safu moja tu ya matundu ya kuingizia nyaya: la manjano la picha, jeupe na jekundu ya sauti. King'amuzi kilipoingia sebuleni, kiliyakuta matundu hayo tayari yameshikwa na mashine ya DVD au ya kanda za video.

Hivyo, baba akitaka taarifa ya habari na watoto wakitaka filamu, nyaya huchomolewa na kuchomekwa upya. Mtindo huu una gharama yake. Matundu hayo yamelehemiwa kwenye bodi iliyo ndani ya runinga. Yakitikiswa kila siku, lehemu hupasuka, picha hukatikakatika na hatimaye fundi huitwa.

Wengine hutumia waya wenye vichwa viwili kuziunganisha mashine mbili kwenye tundu moja. Hilo ni kosa. Mashine zote mbili zikiwaka, picha huvurugana. Hata moja ikizimwa, yaweza kuipunguzia nyingine nguvu na picha ikafifia.

Jambo la kwanza ni kuikagua runinga kila upande. Baadhi zina safu ya pili ya matundu ubavuni au mbele, chini ya kifuniko kidogo.

Ikiwa haipo, suluhisho rahisi ni kisanduku cha kuchagulia. Kila mashine huchomekwa kwenye safu yake, rangi kwa rangi, kisha waya mmoja hutoka kwenye kisanduku hadi kwenye runinga. Anayetaka kubadilisha hubonyeza kitufe tu. Visanduku vya aina hii vyenye vitufe vya kubonyeza kwa kawaida havihitaji umeme.

Njia ya pili ni tundu la antena, ambalo hubaki wazi antena inapohamishiwa kwenye king'amuzi. Mashine nyingi za kanda zaweza kupeleka picha kupitia hapo. Kanda huchezwa, stesheni zikatafutwa hadi picha ionekane, kisha ikahifadhiwa. Picha hupungua ubora kidogo.

Haifai kuipitisha DVD kwenye mashine ya kanda kabla ya kufika kwenye runinga. Diski nyingi halisi za filamu zina kinga dhidi ya kunakiliwa, na kinga hiyo huifanya picha ing'are na kufifia kwa zamu.

Kwa runinga mpya zenye tundu la HDMI, king'amuzi chenye tundu kama hilo huunganishwa hapo, na matundu ya rangi, yakiwapo, yakaachiwa DVD.

Kabla ya kugusa waya wowote, mashine zote zizimwe na plagi zichomolewe ukutani. Kazi hiyo ikifanywa vyema mara moja, matundu hupumzika, na fedha za kununulia runinga nyingine hubaki mfukoni.