Kiwanja cha kando ya Mkondoa: mita 60 zinamlinda nani?

Kiwanja cha Kilosa mjini kikiuzwa kwa bei ya kutupa, swali la kwanza la mnunuzi liwe umbali wake kutoka Mto Mkondoa. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya mto huo uvunje tuta lililokuwa likiukinga mji, ukabomoa nyumba na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Reli ya Kati nayo ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe, ikakaa miezi kadhaa bila treni.

Sheria inasemaje kuhusu ardhi ya namna hiyo? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inaiita ardhi hatarishi. Humo mna mikoko, ardhi oevu, miteremko mikali, pamoja na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo ina kifungu kinachofanana nacho. Hata hivyo, ardhi haiwi hatarishi kwa kuwa karibu na maji tu. Waziri ndiye anayeitangaza, baada ya wahusika kupewa nafasi ya kutoa pingamizi.

Hapo ndipo baadhi ya wanunuzi hujifariji: hakuna tangazo, basi hakuna tatizo. Wanasahau Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 hizo hizo. Muhuri wa serikali ya kijiji kwenye karatasi ya mauziano hauondoi katazo hilo.

Kwa maoni yetu, udhaifu mkubwa uko kwenye kipimo chenyewe. Mita 60 ni kamba ya kupimia, si kipimo cha hatari. Uingereza hugawa ardhi kwa uwezekano wa kufurika: eneo la daraja la tatu, kwa mito, ni lile lenye uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kila mwaka. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini kwa ghala litakalosimama miaka 30 uwezekano wa kufikiwa na maji angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mfanyabiashara gani angeikubali hesabu hiyo kwenye mkopo?

Huku kwetu, kiwanja cha mita 70 ni halali kikiwa tambarare sawa na kikiwa juu ya kilima. Tena mto hubeba mchanga, hujaza mkondo wake na kuhama. Ukingo uliopimwa mwaka huu unaweza kumsogelea mwenye nyumba.

Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaone ramani ya mipango miji, kisha uliza Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Majirani waliokuwapo mwaka 2010 wakuonyeshe maji yalifika wapi ukutani. Ushahidi huo ni wa bure. Na ukikata bima, soma mkataba: bima ya moto pekee hailipi mafuriko mpaka kipengele hicho kiongezwe.