Haikufa, Imejifunga

Asubuhi moja ya masika, gari langu lilipokataa kuwaka kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka, nilimwita fundi wa mtaani kwetu, kijana hodari na mwaminifu, naye akaitoa betri kuukuu, akaweka mpya, akakaza teminali zake, akaniambia niwashe. Injini ikaitika mara moja na taa zikawaka, lakini kioo kilicho katikati ya dashibodi, ambacho kwa muda wa mwaka mzima kilikuwa kikinipigia muziki na kunionyesha yaliyo nyuma yangu kila niliporudi kinyumenyume, kikawa cheusi, kisha kikaandika mistari mitatu ya Kijapani na kunyamaza. Nilidhani fundi amekiunguza. Yeye alikitazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee wangu, hii haikufa. Imejifunga."

Maneno hayo machache nimeyafikiri sana tangu siku ile, maana yamebeba asili ya usumbufu unaowapata maelfu ya wenye magari katika nchi zetu. Chombo kilichokufa kina njia yake inayojulikana: hutengenezwa, au hubadilishwa, au hutupwa, na kama kina dhamana, au waranti kama wasemavyo madukani, mwenyewe huidai. Lakini chombo kilicho kizima kabisa, kisicho na waya uliokatika wala sehemu iliyoungua, nacho kikawa hakimfai bwana wake hata kidogo, mtu akidai dhamana yake huulizwa, "Ubovu uko wapi?" naye hana cha kuonyesha. Dhamana huahidi uzima; mnunuzi alitoa fedha yake kwa ajili ya kufaa; na baina ya uzima na kufaa pana nafasi kubwa, ambayo biashara ya vielekezi vya magari, yaani vyombo vya nevigesheni vinavyomwonyesha dereva njia, imekaa ndani yake kwa miaka mingi bila kuulizwa.

Ili jambo hili lifahamike, sharti kwanza tujue chombo chenyewe kinafanyaje kazi. Wengi hudhani kwamba setelaiti ndiyo inayomwambia dereva apinde kulia au kushoto. Hasha! Setelaiti haijui barabara yoyote. Setelaiti za GPS, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kazi yake ni kutangaza bila kukoma saa iliyo sahihi mno pamoja na mahali zilipo. Chombo kilichomo garini hupokea matangazo ya setelaiti nne au zaidi, hupima tofauti ndogo za muda ambao kila tangazo limechukua kufika, na kwa hesabu hiyo hutambua mahali kilipo juu ya uso wa dunia. Matangazo hayo hayana malipo, na tangu Mei 2000, Rais Clinton alipoamuru liondolewe kosa lililokuwa likitiwa kwa makusudi katika mawimbi yanayotumiwa na raia, usahihi wake umetosha kumwongoza dereva mjini. Kazi ya mbinguni huishia hapo. Jina la mtaa, daraja, njia ya kwenda upande mmoja, kituo cha mafuta, yote hayo yamo katika ramani iliyohifadhiwa ndani ya chombo, zamani katika diski ya DVD, baadaye katika diski ngumu, kisha katika kadi ndogo mfano wa stempu ya posta. Manahodha wa majahazi waliopima kimo cha nyota kwa kamali, kile kibao chenye uzi wa mafundo, wangalilifahamu jambo hili upesi kuliko sisi: nyota ilimjulisha nahodha yuko wapi, lakini miamba na mlango wa bandari alivijua kwa elimu aliyoichukua kichwani mwake.

Basi gari la mtumba lililoshushwa Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani huja na chombo chenye masikio mazuri ya kusikia setelaiti, lakini elimu yake ni ya Japani tupu. Langu, nilipokuwa nikiliendesha katika barabara ya Bagamoyo, lilikuwa likionyesha mshale mwekundu ukielea katika uwanja mtupu, pasipo njia, pasipo mji, pasipo bahari, na sauti ya mwanamke yenye adabu nyingi ikinieleza kwa Kijapani jambo ambalo mpaka leo silijui.

Sina neno la lawama kwa waliokitengeneza. Japani ndiyo iliyotangulia katika ufundi huu, na ilikuwa na haja nao kuliko nchi nyingi, kwa kuwa mitaa yake mingi haina majina, na nyumba huhesabiwa kwa vitalu badala ya kufuatana kandokando ya njia, hata mwenyeji huweza kuitafuta nyumba kwa saa nzima. Honda ilitoa kielekezi chake cha kwanza mwaka 1981, kabla setelaiti hazijawafaa raia, kikitambua mwendo na mageuko ya gari kwa jairoskopu na kuyaonyesha juu ya ramani za karatasi angavu zilizotelezeshwa mbele ya kioo. Na mwaka 1990 Mazda ikatoa gari la Eunos Cosmo lenye kielekezi kinachotumia GPS. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kwao, navyo viliwafaa. Hata redio yake ilipimwa kwa mahitaji ya huko: masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali ya kwetu huanzia 87.5 na kufika 108, na kwa hiyo mwenye gari husikia stesheni mbili tatu zilizo mwanzoni mwa masafa yetu, na nyingine zote hazipati mpaka fundi amfungie kile kidude wanachokiita ekspanda.

Lugha, ramani na redio ni kero ambazo mtu huzizoea. Kufuli ndilo linaloumiza. Watengenezaji, wakitaka kumkatisha tamaa mwizi wa redio, waliviwekea baadhi ya vyombo desturi ya kujifunga pindi vinapokatiwa umeme wa betri, visifunguke ila kwa namba ya siri. Katika vyombo vya aina fulani vya magari ya Toyota kioo huonyesha herufi ERC na safu ya tarakimu, na huko nyuma ya tarakimu hizo ndiko uliko ufunguo ambao mwenye gari wa kwanza, aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa, hakuuandika popote. Vingine havina namba, lakini kadi ya ramani ndiyo roho yake, kwa sababu programu inayokiendesha chombo imo ndani ya kadi ile ile: umeme ukikatika, chombo huitafuta kadi ili kijisomee upya, na kisipoiona hakiamki, hata redio haipigi. Na kadi hizo hupotea kwa urahisi wa kusikitisha. Mtu huiona imechomekwa pembeni mwa kioo, hudhani ni kadi ya nyimbo, huichomoa akaitia katika kamera, huifuta, na gari huendelea kama kwamba hapana lililotokea mpaka siku betri itakapofunguliwa. Mimi nilipofungua kijitundu cha kadi katika gari langu nilikikuta kitupu, na labda kilikuwa kitupu tangu lilipokuwa melini.

Nilirudi kwa aliyeniuzia, ambaye sitamtaja jina. Alinipokea kwa heshima, akanikaribisha kiti na maji, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, "Bwana mkubwa, sisi tumekuuzia gari: injini, giaboksi na bodi. Hiyo redio ilikuja nayo tu." Jibu hilo nimelisikia tena kwa jamaa zangu watatu walionunua kwa wauzaji wengine, karibu kwa maneno yale yale, nami nalikataa kwa moyo wangu wote. Katika tangazo la gari langu neno nevigesheni lilikuwa la tatu, baada ya kiyoyozi na kamera ya nyuma. Kitu kilichostahili kutajwa bei ilipokuwa ikipandishwa kinastahili kujibiwa mnunuzi anaporudi na malalamiko.

Mtu atauliza: dhamana ya kiwandani je? Huko Japani dhamana ya kawaida ya gari jipya aghalabu ni miaka 3 au kilomita 60,000, lolote litakalotangulia, nayo ilikusudiwa magari yanayotumika huko. Kenya hukubali magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania huingiza hata yaliyo makuukuu kuliko hayo. Kwa hiyo gari linapokanyaga bandari zetu, dhamana yake kwa kawaida imekwisha kwa umri, na kama haikwisha kwa umri imekwisha kwa kuvuka bahari.

Wala mtu asidhani kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani wamesalimika. Mwaka 2010 kampuni ya Garmin ilivirudisha vielekezi vyake vya nüvi vipatavyo milioni 1 na robo, kwa kuwa betri za baadhi yake ziliweza kupata joto la hatari, na ikawabadilishia wenyewe bila malipo. Hapo palikuwa na ubovu unaoshikika, na dhamana ikafanya kazi yake vizuri. Lakini mwaka 2018 kampuni ya TomTom iliwatangazia wateja wa vielekezi vyake kadhaa vya zamani kwamba havitapata tena ramani mpya, na miongoni mwao walikuwamo walioahidiwa ramani za maisha. Walipohoji, wakaelezwa kwamba maisha yaliyokusudiwa ni maisha ya manufaa ya kifaa, yaani muda ambao kampuni yenyewe itaendelea kukihudumia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imempa mnunuzi haki ya miaka 2 tangu mwongozo wa mwaka 1999, na huenda ni ulinzi mwema kuliko wetu, ila nayo haikuweza kumsaidia mtu ambaye chombo chake kinawaka vyema huku ramani yake ikizeeka kila barabara mpya inapofunguliwa.

Hata saa za vyombo hivi zina ajali zake. GPS huhesabu majuma mpaka 1,024, kisha huanza tena sifuri. Hesabu hiyo ilirudi mwanzo Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na chombo ambacho hakikuandaliwa hujiona kimerudi nyuma karibu miaka 20. Januari 2022 magari mengi ya Honda ya miaka iliyopita yaliamka saa zake zikionyesha mwaka 2002, na wenyewe wakangoja mpaka Agosti zikajirekebisha. Hapana kilichokuwa kimevunjika.

Sasa nifikie jambo ambalo natamani kila mnunuzi alijue. Sheria zetu zinalitambua neno kufaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyo Sura ya 31 katika sheria za Kenya na Sura ya 214 katika sheria za Tanzania, na ambayo katika nchi zote mbili imechotwa katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji madhumuni anayokitakia kitu, akautegemea ujuzi wake, na muuzaji akawa mfanyabiashara wa vitu vya namna ile, basi kitu hicho hakina budi kifae kwa madhumuni hayo kwa kadiri ya akili. Zaidi ya hayo, Kenya ina Sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012, na Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza udanganyifu katika biashara na kusimamiwa na Tume ya Ushindani. Lakini sheria hizo za mauzo zina milango miwili ya kutokea, na wauzaji wanaijua. Wa kwanza ni mapatano: ukitia sahihi karatasi isemayo kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, umejidhoofisha mwenyewe. Wa pili ni ukaguzi: ukiwa umekikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua.

Hapo ndipo tunapokosea sote. Tunafungua boneti, tunasikiliza injini, tunapiga magurudumu teke, tunatazama chini kama mafuta yanavuja, kisha tunabonyeza kioo, kinawaka, tunaridhika. Na kuwaka kwake siku ile hakuthibitishi lolote, kwa kuwa bado kinaishi kwa umeme ambao haujakatika. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Chombo changu hakikufunguka, ingawa nilikipeleka kwa mafundi wawili wa Gerezani, Kariakoo, wanaosifiwa kwa kazi hiyo. Nimekitoa, nikaweka redio nyingine, na njia naiuliza simu yangu.

Nawasihi wauzaji wenye yadi waandike katika risiti mstari mmoja tu, kwamba kielekezi kina kadi yake na namba yake, au kwamba hakina, na bei ifuate ukweli huo. Nawe msomaji, siku ya kulitazama gari, mwombe muuzaji afungue teminali moja ya betri kwa dakika kumi mbele ya macho yako, kisha airudishe na kuwasha kioo. Kikiomba kadi au namba, muulize papo hapo viko wapi, na jibu lake liandikwe kabla fedha haijatoka mkononi mwako.