Hata Simu Hukariri

Imekuwa desturi siku hizi kuwasikia wazazi, na hata baadhi ya walimu wenzangu, wakidai kwamba zama za kukariri zimepitwa na wakati. Kwamba mwanafunzi hana haja ya kubeba lolote kichwani maadamu simu i mfukoni. Dai hilo hutolewa kwa kujiamini kwingi. Nami naona kwamba simu yenyewe, lau ingekuwa na kinywa, ingekuwa ya kwanza kulipinga.

Chukua mfano wa mhudumu wa bodaboda hapa Witeithie, baina ya Juja na Thika, aliyeitwa usiku kumchukua mama mjamzito katika vichochoro visivyo na majina. Ametumiwa ramani. Anaiwasha simu na kungoja ile nukta ya buluu itulie. Je, anangoja nini?

Wanafunzi wengi hujibu kwamba simu inaiuliza setilaiti, nayo setilaiti inajibu. La hasha! Setilaiti ya GPS haimwoni mtu wala haimjui, kama vile mtangazaji wa redio asivyomjua anayemsikiliza. Ikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, yenyewe hutangaza saa yake na njia inayopita, basi. Hesabu yote hufanywa na kipokezi kilichomo ndani ya simu, baada ya kuzisikia setilaiti zisizopungua nne.

Tabu ni kwamba matangazo hayo ya asili huenda kwa mwendo wa kobe: biti 50 kwa sekunde. Mwalimu wa hesabu na achukue chaki. Ukurasa mmoja wa ujumbe una biti 1,500, kwa hivyo husomwa kwa sekunde 30. Ndani yake mna maelezo kamili ya njia ya setilaiti ile moja inayotangaza, pamoja na kipande tu cha almanaka, yaani ratiba ya jumla ya setilaiti zote. Almanaka nzima ina kurasa 25. Ni dakika 12 na nusu za kusikiliza bila kukatizwa. Vipokezi vya zamani vilivyozinduka bila kumbukumbu yoyote viliweza kumweka msafiri barabarani kwa muda kama huo.

Dawa iliyobuniwa na wahandisi ni ile ile tunayoidharau: kukariri. Kipokezi kinapozimwa huhifadhi mahali kilipokuwa mwisho, almanaka, na zile njia kamili kilizozisikia, huku saa yake ikiendelea kuhesabu kwa nguvu kidogo ya betri. Kikiamshwa baada ya muda mfupi, hujua ni setilaiti zipi ziko juu ya upeo wa macho, na hujipata kwa sekunde chache.

Lakini kisichosemwa sana, nacho ndicho kiini cha hoja yangu, ni kwamba kipokezi hakikariri ovyo. Almanaka hufaa kwa majuma kadhaa kwa sababu ni makadirio tu. Njia kamili ya setilaiti huaminika kwa muda wa saa nne hivi, kisha hutupwa na kusomwa upya. Kila kilichohifadhiwa kina tarehe yake. Mwanafunzi aliyekariri mikoa minane ya Kenya bila kuelezwa kwamba kaunti 47 zilianza kazi mwaka wa 2013 ni sawa na kipokezi kilichozimwa Thika na kuwashiwa Muscat: kinasaka juu ya kichwa chake setilaiti ambazo huenda zimekwisha kuzama.

Simu za kisasa, nakiri, zina njia ya mkato. Huchota habari hizo mtandaoni kwa kufumba na kufumbua, na vipokezi vyake vinaweza kusaka setilaiti nyingi kwa mpigo hata bila almanaka. Lakini bando likiisha, simu hulazimika kurudi kusikiliza mbingu, sekunde 30 baada ya sekunde 30. Na ghorofa ikikatiza ujumbe katikati, hungoja urudiwe. Witeithie kwa Kikuyu ni kusema "jiauni". Mhudumu wetu asiye na bando ataauniwa na kile ambacho simu yake ilihifadhi jioni hiyo, ikiwemo ramani yenyewe, ambayo setilaiti hazimpi kamwe.

Walimu wa fizikia wanaweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Wakusanye wanafunzi uwanjani asubuhi kwa simu iliyolala imezimwa, wakate mtandao wote, wafungue ramani iliyohifadhiwa na kuhesabu sekunde hadi nukta itulie. Kisha waizime kwa dakika tano, wairudie hesabu, na kuziandika tarakimu zote mbili ubaoni kabla ya kusema neno.